Kabla hujamgusa mzee: maelekezo kwa anayeanza kazi ya kea, yaani kutunza wazee

Kwetu Tanga mtoto hafundishwi hili mara mbili. Unasimama mlangoni, unapiga hodi, unasubiri uambiwe karibu. Ukipiga mara tatu pasipo jibu, unarudi ulikotoka. Hapa Bradford, kaskazini mwa England, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninayofanya kazi mwaka wa kumi na moja sasa, nimeona wahudumu wakigonga mlango huku mguu mmoja umeshaingia ndani, na kabla mlango haujajifunga nyuma yao blanketi limeshafunuliwa. Mzee yule alikuwa na nyumba yake, bustani yake, funguo mfukoni. Leo amebakiwa na chumba kimoja chenye kitanda cha umeme na kabati. Piga hodi hata kama mlango uko wazi. Piga hata kama unajua hasikii, kisha sogea mpaka mahali anapoweza kukuona, usimame kidogo.

Naandika kwa ajili yako uliyepata kazi hii juzi, au unayeanza wiki ijayo na hofu tumboni. Mafunzo ya mwanzo yatakupa hoisti, ile mashine ya kumnyanyulia mtu, glovu, mambo ya moto na namna ya kunyanyua bila kuumia mgongo. Hayo sitayarudia. Ninachotaka kukueleza ni namna ya kumjua mtu kabla mkono wako haujamfikia, kwa sababu karibu kila kosa nililolifanya au kuliona katika kazi hii lilianza pale mkono ulipotangulia. Wakaazi siwataji majina. Habari zao ni amana.

Anza na jina

Kwa Mswahili hili lina uzito wake. Bibi wa miaka 91, kumwita kwa jina lake tupu ulimi unakataa. Kwa hiyo wengi wetu tunakimbilia "mama" au "bibi", na wenyeji wa huku nao huita kila mtu "mpenzi". Yote mawili yana nia njema na yote mawili yanaweza kumuudhi mwenyewe. Muulize: "Ungependa nikuiteje?" Tulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu aliyetaka ukoo wake utajwe na neno la heshima mbele yake, mpaka siku anaaga dunia. Chumba cha pili yake alikuwepo mama ambaye kwa wiki kadhaa tulidhani haitikii kwa sababu ya dimenshia, maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu. Faili lilikuwa na jina la kwanza la cheti cha kuzaliwa. Dada yake alipokuja kumtembelea akatuambia tangu utotoni ameitwa kwa jina la pili. Tulipolitumia aligeuza kichwa siku ile ile.

Ukifungua faili, soma ukurasa wa maisha yake kabla ya ukurasa wa magonjwa. Alifanya kazi gani, nani walikuwa watu wake, anaogopa nini, analala upande gani, chai anainywaje. Kama ukurasa huo ni mtupu, basi kazi yako ya kwanza umeshaipata.

Kumwosha

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mtu anapotunzwa au anapovunjwa, kila asubuhi.

Muulize nesi kwanza kama mzee amepata dawa yake ya maumivu. Nyumba kama yetu ina nesi aliyesajiliwa mchana na usiku, na yeye ndiye mwenye kuamua. Lakini wewe ndiye unayeona anakunja uso ukimgeuza bega. Mwambie. Paracetamol ya kumeza huhitaji nusu saa hivi hadi ianze kufanya kazi, kwa hiyo ikitolewa baada ya kuoga haimsaidii mtu aliyeogeshwa kwa maumivu. Kwa mzee asiyeweza kusema, kuna vipimo vya kusoma maumivu kwa sauti, uso na mwili wake. Cha Abbey ndicho tunachotumia sisi. Omba uonyeshwe.

Leta kila kitu chumbani kabla hujaanza, ili usije ukamwacha mtu uchi ukakimbilia taulo. Funga dirisha. Taulo liweke juu ya rediota, chuma cha ukutani cha kupasha chumba joto, nalo lipate joto. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulifanya mwisho: mvalishe miwani na umwekee kifaa cha kusikilizia. Fikiria mtu asiyekuona wala kukusikia anahisi mikono mwilini mwake saa mbili asubuhi. Ukifika usoni na kichwani utavivua, ukimaliza utavirudisha.

Inama usawa wa macho yake, au chini kidogo. Sema jina lako. Sema unachotaka kufanya, jambo moja tu. Mwonyeshe kitambaa chenye maji ya vuguvugu, umwekee mkononi, kisha nyamaza na uhesabu moyoni hadi kumi. Wengine wanahitaji ishirini. Hapa Bradford, kwenye chuo kikuu cha mji huu, ndipo Tom Kitwood alipofundisha na mwaka 1992 akaanzisha kundi la watafiti wa dimenshia. Alifariki mwaka 1998, lakini kazi yake ndiyo iliyowafanya watu wengi duniani wamtazame mtu kabla ya kutazama ugonjwa. Miongoni mwa mambo aliyoyataja kuwa yanamdhalilisha mzee, mengi yakifanywa na watu wema wasiojua, ni kumwacha nyuma kwa mwendo: unaongea haraka, unavuta mkono haraka, akili yake bado iko kwenye neno la kwanza. Hesabu ile ya kumi ndiyo dawa niliyoipata mimi. Mara nyingi nikifika saba, mkono wenyewe unapanda kuelekea usoni.

Funua sehemu unayoiosha tu, kwingine pafunikwe. Uso kwa maji matupu, isipokuwa ametaka sabuni. Mwanamke unamsafisha kutoka mbele kwenda nyuma, na maji unayabadilisha. Kausha vizuri chini ya matiti, kwenye mikunjo ya mapaja, kati ya vidole vya miguu. Ukiwa huko angalia visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo, mahali vidonda vya kulala huanzia. Kwa ngozi nyeupe unatafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwa ngozi nyeusi kama yetu wekundu unaweza usiuone, kwa hiyo pima kwa mkono: pana joto kuliko pembeni? pagumu? pamebadilika rangi? Ukikuta, nesi ajue muda huo huo, usisubiri makabidhiano ya zamu.

Akisema hapana, acha. Mfunike, mwambie utarudi, na urudi baada ya dakika ishirini au umtume mwenzako. Ngozi yenye mkojo au kinyesi haiwezi kusubiri sana, hilo ni kweli, lakini kuoga mwili mzima kunaweza kusubiri mpaka mchana au kesho.

Na jambo moja linatuhusu sisi. Mkiwa Waswahili wawili, mmoja upande huu wa kitanda na mwingine upande ule, ulimi utateleza. Mtaanza habari za nyumbani, za kodi, za mtu fulani, na katikati yenu amelala binadamu ambaye haelewi neno na anadhani anasemwa. Nimefanya hivyo mimi. Bibi mmoja aliniuliza siku ile, "Nimekosa nini?" Tangu hapo nikiwa juu ya kitanda cha mtu naongea lugha yake, na naongea naye.

Mkono unaoweza, uachie kazi yake

Malezi yetu yananisumbua hapa mpaka leo. Nimelelewa kwamba mzee haachwi avae viatu mwenyewe ilhali kijana yupo. Mwaka wangu wa kwanza palikuwa na mzee aliyefunga vifungo vya sweta lake kila asubuhi. Vilikuwa sita, na vilimchukua dakika tisa hivi, mimi nimesimama. Nikaanza kumfungia. Aliniachia, akanishukuru kila siku. Baridi ilipoisha, asubuhi moja nilichelewa kufika nikamkuta ameshika kifungo cha kwanza, anakitazama, vidole havijui pa kuanzia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwa upole kwamba kwa mtu mwenye dimenshia uwezo usiotumiwa huondoka, na mara nyingi haurudi. Vifungo vile havikurudi. Nilikuwa nimemheshimu kwa namna ya kwetu, na heshima ile ilimgharimu vidole vyake.

Kwa hiyo fanya hivi. Panga nguo kitandani kwa mfuatano wa kuvaa, ya ndani iwe juu. Akikwama, anza wewe kitendo, umwachie akimalize: weka kifungo nusu ndani ya tundu, yeye akivute. Na dakika zile tisa usizisimamie mikono kiunoni; tandika kitanda, jaza jagi la maji, futa miwani. Atamaliza bila kuona anasubiriwa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni uamuzi. England ina sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kuamua, na sharti lake mojawapo linasema mtu asihesabiwe hana uwezo kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Mzee anaweza kushindwa kuelewa hati ya benki na bado akajua kabisa kwamba leo hataki kwenda sebuleni. Uwezo hupimwa kwa jambo moja moja, kwa wakati wake. Usimfungie vyote kwa sababu kimoja kimemshinda.

Kula na kunywa

Keti. Usimlishe mtu umesimama kama unayetaka kuondoka. Mgongo wake uwe wima wakati wa kula na kama nusu saa baada yake. Kijiko kidogo, kisijae, na kinachofuata kisiende mdomoni mpaka umeona koo limepanda na kushuka. Akikohoa, au sauti ikatoka kama ina maji, acha kumlisha hapo hapo na mwite nesi.

Kwa wenye shida ya kumeza kuna viwango vya kimataifa, kutoka 0 hadi 7, vinavyosema kinywaji kiwe kizito kiasi gani na chakula kiwe laini kiasi gani. Kiwango chake kimeandikwa kwenye mpango wake wa huduma. Usikibadilishe kwa huruma. Najua uchungu wa kumwona bibi anatazama biskuti za wenzake, na najua kwamba biskuti hiyo moja inaweza kumpalia akafa. Kama unaona kiwango kimembana mno, mwambie nesi amwombe mtaalamu wa kumeza aje ampime upya. Chakula kilichosagwa kisichanganywe kikawa rojo moja la kijivu: karoti peke yake, nyama peke yake, na umtajie kila kimoja kabla hakijafika mdomoni.

Maji mpe kila unapoingia chumbani, mafunda machache machache. Kipimo tunachotumia ni kama lita 1.6 za vinywaji kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanaume, isipokuwa daktari ameagiza vingine.

Anaposemwa "mkali"

Neno hili utalikuta kwenye makabidhiano: mkali, msumbufu, anakataa huduma. Lisikie, kisha uende ukatazame mwenyewe.

Tulipokea bibi kutoka Mirpur, Pakistan. Watu wengi wa Bradford asili yao ni huko. Vijiji vyao vilizama lilipojengwa bwawa la Mangla miaka ya 1960, wanaume wakaja kufanya kazi kwenye viwanda vya sufu vya mji huu. Kiingereza chake kidogo kilikuwa kimeondoka na ugonjwa, kama inavyotokea mara nyingi kwa lugha ya pili. Ripoti ilisema anapiga wahudumu wakimbadilisha pedi, na kwamba anakutwa na kinyesi mikononi. Wenzangu waliisoma kama dalili ya dimenshia, na si mara zote wangekuwa wamekosea.

Zamu yangu ilipofika nikamkuta chooni. Kinyesi kilikuwa kwenye mkono wa kushoto tu. Wa kulia alikuwa ameuinua juu, mbali, safi.

Yeyote aliyekulia pwani yetu angeelewa. Alikuwa anatafuta maji ya kuchamba. Miezi yote tulikuwa tunamfuta kwa karatasi na vitambaa, na kwake yeye huo haukuwa usafi wa kidini, twahara; alikuwa anajisafisha kwa njia pekee aliyoijua, kopo halipo. Tulinunua kopo dogo la plastiki la kumwagilia maua, lenye mdomo mrefu, ambalo familia nyingi za Kiislamu hapa hulitumia kazi hiyo. Tukaandika kwenye mpango wake: maji ya vuguvugu, mhudumu wa kike tu, kopo liwe upande wa kushoto wa choo. Tukamwandikia pia chai ya kuchemshwa na maziwa na iliki. Yeye na mimi tulikuwa na maneno machache ya pamoja, sabuni, chai, dunia, na "Bismillahi" ya kuanzia. Kupiga kulipungua wiki ile ile. Hakukuisha kabisa, siku akiwa na maumivu ya goti kulirudi, na tukajua pa kutazama.

Ila usichukue hadithi hii ukamvika kila mtu. Mzee mwingine mwenye jina la Kiislamu nilimtandikia msala nikidhani namfurahisha. Aliniambia hajaswali tangu ujana wake, na kwamba anachotaka ni gazeti. Nilikuwa nimetangulia tena, safari hii kwa dini badala ya mkono.

Mtu akikataa, pita kwenye maswali haya kabla hujaandika lolote: ana maumivu? anataka choo, au hajapata choo siku kadhaa? ana baridi, njaa, kiu? anaogopa nini hapa, mwanga, kelele, uso mgeni? sisi tumefanya nini dakika moja kabla? Na kama amebadilika ghafla, jana alikuwa mzima wa maneno na leo anaweweseka au amezubaa, hiyo huenda ni maambukizi au upungufu wa maji. Nesi aitwe saa hiyo.

Unachoandika

"Amehudumiwa, amekula, ametulia." Sentensi hii nimeisoma mara nyingi mno, na haimsaidii mtu wa zamu ya usiku hata kidogo. Andika ulichoona: "Alikataa kuogeshwa saa mbili, baada ya chai alikubali kunawa uso na mikono mwenyewe, alikunja uso nilipogusa bega la kulia, nesi amejulishwa." Usiandike "nepi", watoto ndio wenye nepi. Usiandike "analishwa" kama anasaidiwa kula. Maneno yako yatasomwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mzee huyo, na atamkuta chumbani kwa sura uliyomchorea wewe.

Utaniambia muda haupo. Kweli, siku nyingine haupo. Sheria ya England haitaji idadi maalumu ya wahudumu kwa idadi ya wazee, inasema wawe wa kutosha, na "wa kutosha" huko ofisini si sawa na huku kwenye korido. Mkiwa pungufu, mwambie meneja kwa maandishi, na uandike nini hakikufanyika siku hiyo. Usijifiche nyuma ya kukimbia. Kisha chagua mambo yasiyokula dakika: hodi, jina, miwani, kunyamaza kidogo kabla ya kugusa. Nimejipima, hayo yote pamoja hayazidi dakika mbili, na huokoa dakika kumi na tano za kupigana na mtu aliyeogopa.

Siku za mwisho

Uliza mapema, mtu akiwa bado na nguvu za kujibu: nani awepo, nini kisomwe au kipigwe, taa iwashwe au izimwe. Karibu na mwisho kazi yako ni ndogo na nzito. Mdomo ulowanishwe na usafishwe kwa brashi laini, midomo ipakwe mafuta, ageuzwe taratibu, kiti kiwe karibu na kitanda, na mtu awe ameketi juu yake. Endelea kumwambia unachofanya. Akifariki, usianze kumwosha kabla hujajua familia inataka nini. Kwa Waislamu mfumbe macho, mnyooshe viungo, mfunike, na umwache mpaka watu wake waje, kwani kuosha ni haki yao na mazishi wanataka yawahi. Hodi ile ya asubuhi piga hata hapo.

Karatasi ya siku ya kwanza

Mkaazi mpya akifika, ndani ya saa 24 nakaa naye, au naye pamoja na mtoto wake, na karatasi moja tu. Naandika jina la kuitwa. Naandika lugha aliyoota nayo utotoni. Upande wa kulala, na mlango uachwe wazi au ufungwe. Anaamka saa ngapi akiachwa, maana kumwamsha mkulima saa tatu na mpiga muziki saa kumi na mbili ni kuwaonea wote wawili. Chai yake. Anaoga au ananawa, asubuhi au jioni, nani amsaidie na nani asimsaidie kabisa. Kitu gani mikono yake bado inafanya yenyewe. Anaonyeshaje maumivu. Nini kinamtuliza, na hapo nataka kitu cha kushikika: wimbo gani, shuka gani, kusuguliwa mgongo wapi. Halafu namuuliza jambo moja asilotaka kufanyiwa hata siku moja, na hilo naliandika kwa herufi kubwa.

Weka tarehe juu. Irudie kila mwezi, maana mtu hubadilika. Na usiibandike ukutani ambako kila mgeni ataisoma; ibandike upande wa ndani wa mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo mhudumu anayekuja kumvalisha lazima apafungue.